Kihispania cha Mama Gisa

Kila asubuhi, kabla mkaa haujashika moto, Zaina Mukandayisenga, Mama Gisa kwa majirani, alichuchumaa mbele ya jiko akasema maneno yake. Cárcel, gereza. Preso, mfungwa. Candado, kufuli. Reja, nondo za dirisha. Aliyasema kwa sauti ya chini huku akipepea, na neno likimpotea alirudi mwanzo kabisa, kama mtoto wa madrasa aliyekwama katikati ya sura. Gaju, wifi yake, alimsikia kupitia ukuta wa udongo. Hakuwahi kutoka chumbani kabla maneno hayajaisha.

Zaina alikuwa fundi cherehani huko Biryogo, mtaa wa Waislamu wa Kigali. Mumewe Sibomana, ambaye ni kaka yake Gaju, alichukuliwa Oktoba 1990, siku chache baada ya vita kuanza mpakani, pamoja na wengine walioitwa vibaraka wa waasi. Tangu hapo Zaina alimpikia. Chakula cha gerezani hakikutosha mtu. Mwenye ndugu alikula cha ndugu zake, asiye na ndugu alingoja makombo. Saa sita mchana wanawake walipanga sufuria zao mlangoni, askari akaita jina la mfungwa, sufuria ikaingia, baadaye ikarudi tupu. Kumwona mtu mwenyewe ilikuwa marufuku. Sufuria tupu ndiyo iliyokuwa salamu.

Machi ikaja na Ramadhani. Zaina akamsihi askari wa mlangoni, Bigirimana, amwambie mumewe ahifadhi chakula kwenye bakuli lake hadi jua lizame. Bigirimana akaitikia. Lakini siku ile sufuria ilirudi upesi mno, bado ina joto.

"Mama Gisa, mzee wako iko na tumbo!" Bigirimana alicheka. "Nimemwona kwa macho yangu. Amekula yote palepale, hata mifupa ametafuna. Ungedhani yuko harusini!"

Wanawake wakacheka. Zaina naye akacheka, akashukuru, akaondoka na Gaju. Walipokata kona alifunua kifuniko, akamwonyesha Gaju mifupa ya mbuzi iliyotafunwa hadi ikapasuka.

"Kaka yako alifunga hata alipokuwa na malaria," alisema. "Nilimbembeleza anywe dawa na maji, akanifukuza chumbani. Leo atafune mifupa saa sita mchana?"

"Labda njaa imemzidi, wifi."

"Njaa ya Sibomana naijua. Aliyekula hiki si yeye."

Kuanzia hapo Zaina hakuwa na jambo jingine kichwani. Sibomana yumo mle ndani, au hayumo? Ukimuuliza askari, umejitia mwenyewe kwenye maswali. Aliyekuwa akifika hadi ndani ni Sista Pilar, Mhispania aliyepeleka dawa kwa wagonjwa kila Alhamisi, na bahati nzuri Zaina ndiye aliyewashonea masista nguo. Ila Sista Pilar alikuwa mgeni. Kinyarwanda hakujua, Kiswahili hakujua, na Kifaransa chake kiliishia kwenye bonjour. Palikuwa na sista mwingine ambaye angeweza kutafsiri, lakini Zaina alikataa. Mwaka ule neno likipitia kwa mtu wa tatu hujui litalala wapi.

Basi akaamua kujifunza. Alipokwenda kupima nguo, pini zikiwa midomoni, alionyesha kitu kwa kidole na Sista akakitaja. Kufuli la kabati. Ufunguo. Nondo.

"Wifi," Gaju alimtania siku moja, "watu wakianza lugha huanza na hujambo."

"Hujambo itanifungulia mlango gani?"

Mfungwa hakuwa na kitu cha kuonyesha. Zaina aliinua mikono yake, akaweka kifundo kimoja juu ya kingine kama aliyefungwa kamba. Sista alimtazama. "Preso," alisema, kisha akainuka akafunga dirisha. Gaju, aliyekuwa ameshika futi ya kupimia, aliikunja. Sista alikuwa ameelewa anafundisha nini, na alikuwa anaogopa kama wao.

Alhamisi moja Zaina alitema pini kiganjani, akasema taratibu: "Preso Sibomana. ¿Está en la cárcel?" Mfungwa Sibomana, yumo gerezani?

Sista alimwomba alirudie jina tu, tena na tena, hadi likamkaa mdomoni.

Wiki iliyofuata aliwapokea mwenyewe langoni kwa masista, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliwaingiza ndani, akafunga mlango. "No está," alisema. Hayumo. Alikuwa amelitaja jina kwa wagonjwa, nao wakamwonyesha kwa mikono. Akaeleza kwa maneno na kwa mikono: noche, usiku, mikono ikashika usukani wa hewani, kama dereva wa gari. Akauchukua mkasi wa Zaina, akausogeza juu ya meza hadi ukingoni, akauacha hapo. Walimtoa usiku kwa gari. Ilikuwa kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

"¿Adónde?" Zaina aliuliza. Wapi?

Sista alitikisa kichwa. Hakujua. Hakuna aliyejua.

Zaina alimaliza kupima bega la nguo. Alichoma pini zote mahali pake, akakusanya vitu vyake, akaaga. Barabarani malori ya jeshi yalikuwa yanatoka upande wa kambi ya Kanombe, askari wamejaa nyuma wakiimba. Wawili hao walisimama pembeni kwenye mtaro, macho chini, hadi vumbi likatulia.

Kesho yake Gaju aliamshwa na harufu ya vitunguu. Alitoka nje akamkuta Zaina anakata nyama ya mbuzi vipande vidogovidogo, kama kawaida. Akabeba kitenge cha kufungia sufuria, akamfuata.

Saa sita walikuwa mstarini. Bigirimana alisoma uso wa Zaina, akatabasamu, akageukia ndani.

"Sibomana!"

Sufuria ikachukuliwa. Mlango ukafungwa. Gaju alingoja hadi wakapata nafasi mbali na wengine.

"Wifi, kwa nini bado unapika?"

"Nikiacha, hakuna atakayeliita jina lake."