Miche ya Mvule Kichakani

Kwa nini waliofyeka shamba letu la Msambweni ili wapande minazi waliubakisha mvule mmoja? Huenda shoka lilichoka, huenda yuko aliyeuogopa. Nimeuliza nyumbani, nimeuliza msikitini, kila mtu ana lake.

Mimi nilitaka mrithi wake. Mti ule ulikuwa umeoza kiini, na kila kusi ilipovuma uliangusha tawi; usingetungoja sana. Niliokota matunda yake, nikatoa mbegu, nikaotesha miche kwenye kiwanja nilichokitenga kwa ajili ya nyumba yangu, mahali peupe penye jua tele. Iliota vizuri. Iliponifika magotini, machipukizi yalivimba yakawa vinundu vya kijani, yakapasuka, yakaoza. Ndani mlijaa vijidudu. Masika iliyofuata nikaotesha tena, ikawa vile vile.

"Mdogo wangu, miti yako ina matubwitubwi," alisema dada yangu, mkono kiunoni. "Ifunge kitambaa shingoni."

Sehemu ya chini ya shamba ni yake, na huko kilisalia kichaka cha msitu wa zamani. Alikuwa amekwisha kuwaita vibarua wakifyeke, apande mirangi na kuuza mbegu zake nyekundu za kutia rangi. Jioni ya kuamkia kazi hiyo niliingia kichakani kukata fito kabla hazijaangushwa zote. Nilipoinama nikauona: mche wa mvule ulionifika kifuani, majani mazima, bila kinundu hata kimoja. Mbele kidogo, mwingine. Popo walikuwa wamekula matunda kule juu wakaja kuziacha mbegu huku, na kivuli kikaificha miche isionekane na wadudu.

Nilipiga vigelegele, mwanamume mzima mwenye mvi. Dada akaja mbio.

"Nyoka?"

"Mvule, dada! Njoo uone."

Aligeuza jani moja, akaligeuza tena. "Haya, unataka nini? Sema, usinizungushe."

"Kichaka hiki kisikatwe. Kikifyekwa, mvule umekwisha kwetu."

"Na mirangi yangu niipande kichwani mwako?"

"Ipande juu, kiwanjani kwangu. Jua lote unalolitaka liko kule."

Alinitazama. "Kiwanja cha nyumba?"

"Ndicho."

"Wallahi umerukwa na akili. Utalala wapi uzeeni?"

"Kwako."

Alicheka mpaka akashika mti. Kisha akakitazama kichaka chake. "Basi nimekubali. Lakini hayo matubwitubwi yako uyaondoe mwenyewe, kabla vibarua hawajafika."

Alfajiri, baada ya swala, nilichimba miche yangu yote pamoja na udongo wake, nikakata sehemu zilizovimba, nikaishusha kwa karai na kuipanda kivulini, kando ya ile iliyojiotea. Nilikuwa ningali nimepiga magoti niliposikia mapanga yakigongana njiani, na sauti ya dada ikiwaamrisha vibarua: "Hapa piteni tu, msiguse kitu. Kazi iko juu."