Viko Viwili vya Gunzi

Waliokuwa wakimwona Mama Sindano na kiko mdomoni walicheka, naye aliwaacha wacheke. Mwanamke mzima mwenye wajukuu, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya kiwanda cha magodoro, anafuka moshi kama jiko la kuni mbichi: kucheka ilikuwa haki yao. Lakini aliyethubutu kumwambia kwamba kiko cha gunzi ni kitu cha kimaskini, huyo alikuwa amejitafutia. "Maskini ni wewe," alikuwa akimjibu, "unayenunua sigara ukaichoma peke yako, kisha ukatupa kipande na roho inakuuma. Mimi nimekula hindi, nimeshiba, na mkononi nimebaki na kiko. Nani hapo kapata hasara?"

Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa na kazi mle kiwandani. Yeye ndiye aliyeshona godoro likishajazwa pamba, kwa sindano ndefu kuliko kiganja chake: anaizamisha upande huu, anaitoa upande ule, anakaza fundo, anasogea mbele. Sindano hiyo hiyo ndiyo iliyotoboa viko. Alitafuta gunzi nene lililokauka vizuri, akalikata urefu wa kidole, akaukomba moyo wake laini kwa kisu, kisha akaipasha sindano motoni mpaka ikawa nyekundu na kuichoma ubavuni. Tundu likipenya, anachomeka kipande cha utete, basi, kiko tayari, na chai yake kikombeni haijapoa.

Na sifa ya kiko cha gunzi si rahisi kumweleza asiyekijua. Ni chepesi, unaweza kukisahau mdomoni ukaenda nacho msalani. Hakiunguzi vidole. Kikiwa kipya, mivuto ile ya mwanzo ina utamu wa hindi la kuchoma. Kikizeeka kinaanza kuliwa na moto ukingoni, unakitupa jikoni, unachonga kingine, wala hupotezi usingizi kwa ajili yake. Tajiri, mwenye kiwanda, alikuwa na kiko cha mti kilichong'arishwa kama kiatu cha bwana harusi, akikiweka katika kijaluba chenye kitambaa ndani. Siku kilipoanguka kikapasuka hakusema na mtu mpaka jioni. Mama Sindano alimtazama akasema ndiyo hasara ya kupenda kitu kisichokupenda.

Tajiri ndiye aliyepiga marufuku sigara, tangu kipande kimoja kilipounguza rundo zima la pamba. Viko aliviruhusu kwa shingo upande, kwa sababu moto wake unakaa ndani na juu unaufunika na kizibo cha soda, tena vivutiwe nje, nyuma ya tangi la maji. Huko ndiko walikokwenda kila mapumziko, Mama Sindano na wifi yake, kiko kimoja watu wawili.

Wifi yake alikuwa mke wa kaka yake, na kiwandani walimwita Bi Pamba. Kazi yake ilikuwa kuchambua pamba na kuipiga kwa fimbo mpaka ivimbe, kwa hiyo kufikia mchana alikuwa na mvi kichwa kizima, na jioni akioga anarudi kuwa msichana. Vumbi la pamba lilimkohoza, kama lilivyowakohoza wote mle ndani. Mume wake, yaani kaka wa Mama Sindano, alikufa ghafla na hakuacha mtoto. Matanga yalipokwisha, ndugu walikaa wakanong'ona kwamba mjane sasa arudi kwao. Mama Sindano aliwasikiliza mpaka mwisho, akainuka, akamshika mkono mjane, na kesho yake akamfikisha kwa Tajiri na kumwambia, "Huyu ni wifi yangu, anaweza kazi." Alikuwa hajui kama anaiweza.

Siku hiyo ya kwanza, nyuma ya tangi, alimpa kiko. Bi Pamba alivuta, akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na kikohozi kilipokwisha machozi yakaendelea. Mama Sindano hakuuliza. Alingoja amalize, akakichukua kiko akavuta zamu yake, kisha akamrudishia.

Ikawa hivyo miaka na miaka. Walikuwa na sheria yao: anayechonga kiko kipya havuti mvuto wa kwanza, wa kwanza ni wa mwenzake. Na utani, mwenzangu, ule ndio uliokuwa tumbaku yenyewe. "Kaka yako alinioa kwa uzuri wangu," Bi Pamba anaanza. "Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiona kwa jicho moja." "Basi hilo moja lilikuwa zima, wifi, maana wewe mwenzangu waliokuona kwa yote mawili walikimbia." Fundi Cherehani, mwanamume pekee katika kile chumba cha kushonea, alikuwa akisikia vicheko kupitia ukutani akatikisa kichwa. Ukimsikia mtu anasema mawifi hawapatani, alisema, mlete hapa.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyoharibika.

Bi Pamba alikuja siku moja na viko viwili. Vyote vipya, vyote vya gunzi, amevichonga mwenyewe nyumbani. Kimoja alimpa Mama Sindano, cha pili akakishika mwenyewe, na badala ya kuketi kwenye ndoo ya karibu akaisogeza kidogo.

"Na hiki?" Mama Sindano akauliza.

"Chako hicho. Na hiki changu." Bi Pamba akacheka, lakini macho hayakucheka. "Mate yako yamezidi, wifi. Tangu leo kila mtu na chake."

Ulikuwa utani. Siku nyingine yoyote Mama Sindano angemjibu kwa utani mkubwa zaidi, wakacheka wote wawili. Siku hiyo neno lilimchoma. Miaka yote wamenyonya utete mmoja, mate hayajawa na kasoro, leo ndiyo yamezidi? Akaona pale ndoo ilipokuwa na pale iliposogezwa. Akaona anatengwa, anaonewa kinyaa na mtu ambaye yeye ndiye aliyemtoa mikononi mwa ndugu waliotaka kumrudisha kwao. Damu ikampanda.

"Unanionea kinyaa?"

"Sivyo, wifi—"

"Usiniite wifi," Mama Sindano akasema. "Aliyetuunganisha tulimzika. Mimi na wewe tuna nini tena? Sina wifi hapa."

Ulimi hauna mfupa. Alipolitamka tu alijua ni neno baya kuliko yote aliyowahi kusema, na alijua amepagusa pale pale palipouma, maana Bi Pamba hakuwa na mtoto, hakuwa na mume, na kwao walikwisha kufa. Jina lile moja ndilo lililomfanya awe na ndugu. Bi Pamba akakaa na kiko chake mkononi mpaka kengele ikalia. Mama Sindano alitaka kumwita. Kiburi kikamwambia ngoja, ataanza yeye, ndiye aliyekosa.

Bi Pamba hakuanza. Hakumwita tena wifi, kwa kuwa alikatazwa. Alisema "habari za asubuhi" kama anavyowaambia wengine. Lakini kila mapumziko alikuja nyuma ya tangi, akaketi mwisho wa ukuta, kiko mdomoni, na Mama Sindano akaketi mwisho wa pili akiwa amempa mgongo. Nyumbani, Mama Sindano alikuwa akiongea naye jikoni peke yake. Alimgombeza, akamjibia, akamgombeza tena. Alikuwa na hamu naye, basi tuseme hivyo. Alikuwa na hamu naye na huku mtu yuko hatua chache nyuma yake akikohoa, na alimsikia akikohoa, akajisemea moyoni: vumbi la pamba.

Kisha Bi Pamba hakuja kazini. Siku ya kwanza Mama Sindano akasema amechoka. Siku zilizofuata akasema anadeka, anataka afuatwe, na yeye hamfuati mtu. Alivuta peke yake, na kwa mara ya kwanza kiko cha gunzi hakikuwa na ladha yoyote.

Ndipo siku moja akakiona kiko cha mwenzake, kimechomekwa kwenye ufa wa ukuta pale alipokuwa akiketi. Akakichukua kwa hasira, huenda alitaka kukitupa, na mkono kwa mazoea ukakigeuza ili kukung'uta majivu. Hayakutoka majivu. Akatazama ndani. Gunzi lilikuwa jeupe kama siku lilipochongwa, halina hata doa la moto. Akanusa. Halina tumbaku. Wiki zote zile mtu huyu alikuwa akiketi pale akinyonya utete mtupu.

Aliingia na kile kiko mpaka kwa Fundi Cherehani, akamsimamishia mashine.

"Fundi, wifi yangu yuko wapi?"

Fundi alimwangalia kama mtu asiyeamini. "Mama, mimi ndiye niliyempeleka hospitali, nilimkuta njiani ameshindwa kusimama. Kifua kikuu. Amekuwa nacho muda, kumbe alipimwa wiki nyingi nyuma, dawa alianza akaacha, akianza zinamlegeza hawezi kupiga pamba, naye aliogopa Tajiri akijua atamfukuza." Akashusha sauti. "Nilidhani unajua. Si wewe ndiye ndugu yake?"

Mama Sindano alitoka vilevile na vumbi la pamba kwenye nguo.

Hospitalini nesi alimpa barakoa na kumuuliza maswali kabla ya kumruhusu kuingia. Mlikuwa mnakaa chumba kimoja? Hapana. Kula pamoja, kunywa kikombe kimoja? Hapana. "Kiko," Mama Sindano akasema. "Tulikuwa tunavuta kiko kimoja."

"Mmeacha lini?"

"Tangu siku aliponi—" Alikuwa anataka kusema aliponitukana. Palepale mlangoni akaelewa vile viko viwili vilikuwa vya nini, na ile ndoo iliyosogezwa, na yale macho yasiyocheka. Mtu alikuwa anamkinga, hana maneno ya kulisema jambo lenyewe, akalifunika kwa utani kwa sababu utani ndiyo lugha waliyoizoea. Nesi akamshika kiwiko. Akamwambia lazima apimwe. Alipimwa, na baadaye majibu yakaja kwamba ni mzima kabisa, hana kitu. Hakuna habari njema iliyowahi kumuuma kama ile.

Bi Pamba alikuwa amelala kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Alikuwa amekwisha mwili. Kichwani, nywele hazikuwa na pamba hata uzi mmoja, na bado zilikuwa nyeupe. Mama Sindano aliketi, akaanza maneno aliyoyapanga njiani yote kwa pamoja, akaishia kulia.

"Umechelewa," Bi Pamba akasema kwa sauti ya pumzi, "kama mshahara wa Tajiri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka." Akapumzika. "Nilikuwa najiambia leo ataniuliza nakohoa nini, nitamwambia. Nikaja kila siku kukaa pale. Hukuuliza."

"Nilikuwa na hasira."

"Najua. Nakujua." Kifua kikapanda na kushuka kwa shida. "Lile neno ulilosema nyuma ya tangi. Ni kweli?"

Mama Sindano alimshika mkono, ulikuwa mwepesi na wa moto. "Ni uongo. Ni uongo, nisamehe. Hakuna siku lilikuwa kweli, wifi."

Bi Pamba alifumba macho. Kwa muda Mama Sindano alidhani amelala.

"Umeniita nani?"

"Wifi."

"Sema tena."

"Wifi."

Midomo ya Bi Pamba ikajivuta kidogo, kama anayetaka kujibu kwa utani na hapati pumzi. Mama Sindano akasogeza kiti karibu zaidi, na akawa anasema. Wifi, unakumbuka siku Tajiri alipovunja kiko chake. Wifi, Fundi anakusalimu. Wifi yangu, ukipona hukai tena peke yako, utahamia kwangu, nina kitanda. Alisema mpaka koo likamkauka, akijitahidi kulipa kwa mchana mmoja wiki zote alizomnyima. Mkono ulikuwa bado wa moto ndani ya mkono wake, basi hakuacha.

Nesi alikuja, akainama juu ya kitanda, akakaa ameinama muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akamgusa Mama Sindano begani. "Mama, inatosha," akamwambia taratibu. "Ameshakwenda, kitambo kidogo."

Mama Sindano hakujua ni neno lipi lililomfikia na ni lipi lililomkuta hayupo. Akaendelea kumwita.