Gari la Viti Viwili

Sijawahi kumwambia mtu: kila risasi zikisikika milimani, mimi naagiza gari.

Kweli, wenzangu wa darasa. Nina gazeti la magari la Kifaransa, na ndani iko fomu ya kuagiza gari jipya la mbio. Nimeijaza kwa kalamu ya bic. Viti vya ngozi, vyekundu. Pale wanapouliza kama unataka na viti vya nyuma, niliandika hapana. Bila hivyo gari linakuwa jepesi.

Leo mchana mama aliiona, akampa mdogo wangu Fiston amsomee. Mama anasoma Kiswahili tu.

Mutoto yule hana breki, akatafsiri yote. "Viti viwili. Nyuma, hapana."

Bibi alikuwa anamenya muhogo. Akauliza taratibu, "Sasa sisi tutapanda wapi?"

"Wewe bibi, baiskeli, kama siku zote," Fiston akacheka.

Ndivyo tulivyokimbia risasi kutoka kijijini kwetu Minago: bibi nyuma ya baiskeli, mama anasukuma, na mimi mbele, nimechoka kuwangojea.

Mama hakucheka. "Kile kiti cha pili ni cha nani?"

Nikaikunja fomu. Kilikuwa cha mfuko wangu wa shule.

Mungekuwa nyinyi, mungejibu nini? Andikeni nyuma ya karatasi hii, kisha mupitishe.

Nasikia kandambili za mama, anakuja mlangoni. Kwa kawaida karatasi hii ningeificha chini ya godoro. Leo naiacha mezani. Nimeiandika kwa Kiswahili.