Majivu Kwenye Kopo la Nne

Makopo yalikuwa manne, nayo yalikaa stoo kwangu hapa Masumbwe kwa sababu chumba cha maabara shuleni kwao kina panya. Mjukuu wangu, ambaye yuko kidato cha tatu na ninaishi naye, aliniomba nafasi juu ya kichanja ninachowekea magunia. Nikampa. Alisema ni kazi ya kikundi, alama zake zinaingia kwenye mtihani wao wa mwisho, kwa hiyo wenzake wanne watakuwa wanakuja kila Jumamosi kuhesabu wadudu. Nilicheka. Fukusi nimewaua maisha yangu yote, sikuwahi kumhesabu hata mmoja.

Walikuja. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, na ya bibi zao, maana mtoto akiingia kwangu lazima nimuulize ametoka kwa nani. Hapa sitayaandika. Alikuwapo mjukuu wangu, ndiye kiongozi. Mvulana mmoja mrefu mwenye mdomo. Mapacha wawili wasiosema. Na msichana aliyepanga chumba karibu na shule, kwa sababu wazazi wake wako machimboni. Baba yake anashuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu.

Kila kopo waliweka mahindi vibaba viwili na fukusi ishirini walio hai. La kwanza wakachanganya majivu ya kinyesi cha ng'ombe, kama tufanyavyo sisi tangu zamani. La pili, majani ya muarobaini yaliyokaushwa na kutwangwa. La tatu, pilipili. La nne hawakuweka kitu. Midomo wakafunika kwa vipande vya chandarua, wakakaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kila mmoja akapewa kopo lake la kulitunza, mjukuu wangu akabaki na daftari. La nne likamwangukia yule msichana wa machimboni.

Hakulifurahia. Alisema mbona yeye ndiye amepewa kopo la kushindwa. Mvulana mrefu akamwambia asijali, fukusi wake watanenepa mpaka Krismasi wachinjwe. Wote wakacheka, na mimi niliyekuwa napitisha sahani ya michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, nikacheka pia. Yeye alichukua kipande kimoja cha michembe akakishika tu mkononi.

Kabla ya kuondoka mjukuu wangu aliniambia, "Bibi, haya makopo usiyaguse." Nilisikia. Lakini nilivyoelewa mimi, nisiyahamishe nisije nikayaangusha. Kwa nini la nne liwe halina dawa, hakusema, na mimi sikuuliza. Mtu aliyeishia darasa la nne huchagua pa kuuliza.

Jumamosi mbili zikapita wakihesabu. Kwenye kopo la majivu fukusi walikuwa wamekufa karibu wote, la muarobaini nusu, la pilipili wachache. La nne walikuwa wanazaana. Kila nikiingia stoo kuchukua unga nalikuta limezidi kuharibika, punje zina matundu, chini kumejaa vumbi jeupe. Nikageuza uso, nikatoka. Kesho yake tena.

Niseme ukweli wangu. Nilipokuwa msichana kule Kishapu, kuna mwaka ghala letu lililiwa lote na wadudu. Mama alichekecha lile vumbi walilobakisha, akatupikia uji. Ulikuwa mchungu, unakwangua koo, na tulikunywa tukashukuru. Mtu aliyekunywa uji ule hawezi kusimama akatazama mahindi yanaliwa ndani ya kopo, tena yanapigiwa hesabu. Na nilimwonea huruma yule msichana. Nikawaza, huyu mtoto hana mtu wake hapa, wenzake wamempa kopo bila dawa ili wapate wa kumcheka.

Siku ya Jumanne, mjukuu wangu akiwa shule, nilichekecha majivu mpaka yakawa laini kama poda. Nikafungua kopo la nne, nikatia viganja viwili, nikatikisa, nikarudisha mpira kama nilivyoukuta. Niliridhika. Nilipika mlenda siku hiyo nikiimba.

Kesho yake, Jumatano, msichana alikuja kuchaji simu, kwake umeme ulikuwa umeisha. Soketi inayofanya kazi kwangu iko stoo. Alikaa humo kama nusu saa akisoma, akanishukuru, akaondoka.

Jumamosi walipofungua kopo la nne nilikuwa jikoni, mlango uko wazi. Nilisikia hesabu inasimama. Mjukuu wangu alihesabu mara ya pili, kwa sauti, na sauti ilikuwa inapungua. Fukusi walikuwa wamekufa wengi. Nikangoja wafurahi. Hakuna aliyefurahi. Mvulana mrefu akachovya kidole kwenye mahindi, akakiramba.

"Chumvichumvi," alisema. "Haya ni majivu."

Wote wakamgeukia mwenye kopo. Aliapa hajagusa. Mvulana mrefu akamwambia, "Kwenu si wanachanganya vumbi la shaba kwenye dhahabu? Na wewe umetuchanganyia majivu. Umeona aibu ya kushindwa." Mapacha walitazama chini. Mjukuu wangu alikuwa ameshika daftari kifuani, macho yamejaa machozi, anasema wiki tatu zimepotea, kopo hilo ndilo lilikuwa la kulinganishia mengine yote, bila hilo hakuna wanachoweza kusema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa nikiwa na mwiko mkononi, na ugali ukaanza kuungua.

Mjukuu wangu akaja mlangoni. Akaniuliza nani aliingia stoo wiki hii. Mimi watu wananijua kwa kukumbuka. Wakigombania mpaka wa shamba, wananiita mimi. Nilifungua mdomo, na nilichosema kilikuwa kweli tupu.

"Huyu mwenzenu aliingia Jumatano, kuchaji simu. Alikaa nusu saa."

Msichana alinitazama. Alikusanya vitu vyake akatoka, na chaja yake akaisahau ukutani.

Walikubaliana palepale kwamba Jumatatu watamweleza mwalimu wa baiolojia, naye atolewe kikundini. Kutolewa maana yake aanze kazi yake peke yake upya, na muda haukuwapo, angeandikiwa sifuri. Mjukuu wangu hakulala vizuri. Mimi nilijiambia mengi. Kwamba watamsamehe. Kwamba mtoto wa miaka kumi na sita atasahau. Kwamba bibi mzima hawezi kusimama mbele ya watoto akaitwa mharibifu.

Jumapili mchana msichana alikuja kufuata chaja. Nilikuwa peke yangu, mjukuu wangu alikuwa kanisani kwenye kwaya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu."

Nikamletea chaja. Hakuondoka. Aliuliza, akitazama ile chaja, "Bibi, Jumatano uliniona nikigusa kopo?"

"Sikukuona."

"Basi kesho uwaambie hivyo."

Nilimwambia akae anywe chai. Akasema amechelewa, akaaga kwa heshima yote, akaenda. Heshima ile ilinichoma kuliko kama angenitukana.

Jumatatu nilichukua bodaboda mpaka shuleni. Dereva aliuliza kama nimeitwa kwa ajili ya utovu wa nidhamu, nikamwambia ndiyo. Maabara ilikuwa imejaa, vikundi vimekaa kwenye meza ndefu, kila kundi na vitu vyake: wengine wanachuja maji kwa mchanga na mkaa, wengine wameotesha maharage kwenye pamba. Kikundi changu, samahani, kikundi cha mjukuu wangu, walikuwa wanne mezani. Wa tano alikaa peke yake nyuma, kwenye stuli, karibu na sinki.

Mwalimu ni kijana, umri wa mwanangu wa mwisho. Aliniamkia, akataka kunitoa nje tuongee. Nikasema nitasemea hapohapo. Mjukuu wangu alishaanza kutikisa kichwa.

Nikasema majivu niliyatia mimi. Darasa zima likaangua kicheko, si cha ubaya. Mwalimu naye alitabasamu. Akaniuliza siku gani, saa ngapi, na majivu kiasi gani, nikamjibu kila kitu mpaka aina ya chekecheo. Akaandika. Kisha akanieleza taratibu kwamba wanaosoma sayansi lazima waache kopo moja bila dawa, ili waone bila msaada inakuwaje. "Bibi, lile kazi yake ilikuwa kuharibika," akasema.

Nikamwambia hilo hakuna aliyeniambia. Wakacheka tena. Nilianza kuona nafuu. Mvulana mrefu alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi, mwalimu anasema kosa hili wataliandika kwenye ripoti na waanze upya makopo yote leo, atawaongezea muda, utabana lakini utatosha. Nikashika kanga yangu niage.

"Bibi," msichana akasema kutoka nyuma. "Na lile la Jumatano?"

Kicheko kikakatika. Mwalimu akauliza Jumatano kulikuwa na nini. Msichana alikuwa ananitazama mimi, na nilijua hatasema. Ameniachia nafasi. Ningeweza kusema sikumbuki. Kwa umri wangu nani angebisha?

Nikashika meza ya watoto wa maharage.

Nikasema, "Jumamosi waliponiuliza nani ameingia stoo, nilishajua kwamba ni mimi niliyeharibu. Nilijua kabisa. Nikamtaja yeye."

Mjukuu wangu aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa daftari. Nikamgeukia yule msichana, nikasema nisamehe, mbele ya wote, mimi ambaye sijawahi kumwomba radhi mtoto tangu nizaliwe. Nilingoja aseme haina shida bibi, kama watoto wanavyosema.

"Nimesikia," alisema.

Mwalimu akamwambia arudi kwenye kikundi chake. Aliinuka, akabeba stuli yake mwenyewe. Mvulana mrefu alisogea kumpisha, akanong'ona kitu, nadhani samahani, hakumtazama. Msichana hakukaa pale alipopishwa. Alizunguka meza akakaa upande wa pili, kando ya mapacha, akavuta daftari kutoka chini ya kichwa cha mjukuu wangu, akafungua ukurasa mpya na kuanza kuchora mistari. Mwalimu alinisindikiza hadi getini. Sikutafuta bodaboda, nilirudi kwa miguu.