Jicho la Mume Wangu Lilipogeukia Pua

Mume wangu ni mchuuzi wa mbuzi. Huwanunua katika soko la Ikutha na kuwauza Makueni. Jioni moja alirudi akaniambia, "Mama, leo nimeona mbuzi wawili. Nikienda kushika, ni mmoja."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nilipomtazama vizuri niliona jicho lake la kushoto limeingia ndani, limeelekea pua. Makengeza hakuwa nayo hata utotoni.

Kesho yake tulienda mjini Wote kwa daktari wa macho, mama mmoja mpole. Alimfunika jicho moja, akafunika lingine, akamwambia afuate kalamu.

"Mzee, macho yenyewe ni mazima," akasema. "Lakini mtu mzima jicho likigeuka ghafla, lazima tupige picha ya ubongo. Mara nyingi hatupati kitu. Mara chache huwa kuna uvimbe, au maji yamejaa kichwani, na hayo hayangoji."

Tulipotoka nje mume wangu akaniambia, "Twende nyumbani. Litarudi lenyewe."

Nilijua kinachomsumbua. Kaka yake alipigwa picha ya kichwa na mwaka haukuisha tukamzika. Kwake yeye, picha ndiyo iliyomuua.

"Picha ilimkuta tayari ni mgonjwa," nikamwambia. "Na alikuwa amechelewa."

Akauliza, "Utaingia na mimi?"

Kwenye chumba cha picha niliruhusiwa. Nilivua hereni zangu za masikioni, naye akatoa mshipi, saa na sarafu, kwa sababu mashine ile ni sumaku. Alilazwa chali, akaambiwa asitikise kichwa, kitanda kikaingia kwenye lile shimo jeupe. Nje ilibaki miguu tu. Nikakaa nayo.

Mashine ilipiga kelele kama fundi anayegongelea mabati. Kila kelele ilipobadilika, vidole vyake vilijikunja, nami nikavibana kidogo, ajue nipo. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kwa kutembea na mifugo. Miaka yote ya ndoa yetu, sikuwa nimewahi kuishika miguu ile muda mrefu hivyo. Niliomba kwa Kikamba, kimoyomoyo.

Majibu yalipotoka, daktari alitabasamu kabla hatujaketi. "Ubongo ni safi."

"Sasa jicho lina nini?" mume wangu akauliza, karibu kwa hasira.

"Wakati mwingine hutokea tu. Sababu hatuijui."

Alipewa miwani maalumu ya kuunganisha zile picha mbili alizokuwa akiona. Siku alizoisahau, alifumba jicho moja sokoni, na wauzaji wakadhani anawakonyeza wapunguze bei. Baada ya miezi kadhaa, jicho lilipoacha kubadilika, alifanyiwa upasuaji wa misuli ya jicho hilo.

Sasa anaona kitu kimoja. Akichoka sana, jicho huegemea kidogo, nami humwambia, "Baba, nenda ulale." Huwa habishi.