Chupa ya Dodoma kwa Mama Mkwe

Mama wa mchumba wangu alikuwa ameshasema, tena kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: msichana anayemimina pombe lojini hataolewa na mwanawe. Msichana mwenyewe ndiye mimi. Kazi yangu katika hoteli hiyo ya watalii ni kuhudumia wageni wanaorudi kutoka kreta kutazama wanyama, vumbi hadi kwenye nyusi, na kuwaambia divai gani iende na chakula gani. Ulevi uko wapi hapo, jamani?

Basi aliponiita kwa chakula cha Jumapili kijijini kwao Buger, nikaona liwalo na liwe. Nikabeba chupa. Mchumba wangu, anayeendesha watalii na haogopi simba, alipoiona akashika kichwa. "Utaniua wewe," akasema. Nikamwambia aendeshe gari.

Ilikuwa divai nyekundu ya Dodoma, mchanganyiko wa zabibu za aina mbili. Moja nyepesi, yenye harufu tamu. Nyingine nzito, inakausha ulimi kama chai iliyosahaulika jikoni. Kila moja peke yake ina matatizo, zikikaa pamoja zinavumiliana. Kule jua ni kali, udongo ni kichanga, na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Usiinywe na samaki, utajuta. Lakini mbuzi wa kuchoma, mwenye mafuta na chumvi, weee! Na baridi yetu ya Karatu inaipoza yenyewe, hata friji ya nini.

Mbuzi alikuwepo. Familia ndiyo kwanza ilikuwa imetoka kanisani, bado wamevaa za Jumapili. Nikafungua chupa, nikakunja kitambaa cheupe mkononi kama tulivyofundishwa kazini, nikammiminia mama kidogo tu ndani ya glasi, maana lojini mwenye meza huonja kwanza. Nikafuta shingo ya chupa.

Mjomba akavua kofia. Bibi, mama yake mama, akaweka fimbo chini, akashuka kitini taratibu, akapiga magoti mbele yangu. Macho kafumba, mdomo wazi.

Mungu wangu! Watu hawa divai nyekundu waliijua mahali pamoja tu, kwenye Meza ya Bwana, na mimi nimesimama pale na kitambaa changu kama mchungaji. Aibu ilinichoma mpaka masikioni. Mama mwenyewe ni mzee wa kanisa, ndiye anayeandaa vikombe. Nikajua ndoa imekwisha kabla haijaanza.

"Mama, inuka," mama mkwe akamwambia bibi. "Hii ni ya nyama."

Bibi akafumbua jicho moja. "Sasa nyama yenyewe iko wapi?"

Mjomba alicheka mpaka akapaliwa. Mama hakucheka. Akaonja, akakunja uso. "Chungu."

"Tafuna kwanza nyama, mama, hiyo yenye mafuta, ndipo unywe," nikasema.

Akatafuna. Akanywa. Akatafuna tena bila kuniangalia, kisha akanisogezea glasi. "Mimina basi. Hiyo uliyonipa ilikuwa kipimo cha kanisani."

Nikamimina kwa haraka, divai ikadondokea kitambaa chake cha meza, kile cha kufuma kwa mkono. Mama akalitazama doa, akasogeza sahani ya nyama juu yake, akamgeukia mwanawe.

"Kwao huyu, wazee tuwatume lini?"