Kaka Alivyogombana na Dunia kwa Ajili ya Mtumiaji Mmoja

Siku tuliyomzika kaka yangu, watu ambao hawakuwahi kumwona kwa macho walikuwa wanamtania kwa kukaa kwake kimya.

Simu yake ilikuwa mfukoni mwangu. Tumetoka makaburini, viatu bado vina udongo, nikasikia inatetemeka. Ikatulia. Ikatetemeka tena.

Nikadhani ni ndugu wa mbali wanatoa pole. Nikafungua.

"Babu, acha kususa. Sema upo, tuendelee na kazi."

Chini yake mwingine: "Mwacheni. Bado anatafuta disketi ya kujibia."

Na mwingine: "Akinyamaza hivi ujue anapika hoja ndefu. Wekeni chai."

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ndani wanapanga viti vya wageni, nikacheka. Nilicheka mpaka Mama akatoka kuangalia kuna nini.

"Nani hao?"

"Wale wenzake wa kompyuta, Mama. Wanadhani amenuna."

Mama akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Basi wanamjua," akasema, akarudi ndani.

Ngoja niwaeleze hao ni akina nani, maana najua wengine mnasoma huku mnakuna kichwa.

Kaka alikuwa fundi wa kompyuta. Kutengeneza za watu ndiko kulikomlisha, lakini roho yake ilikuwa kwenye lugha moja ya kuandikia programu. Ni ya bure, inatengenezwa na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Hawalipwi, hawaonani, wanagombana tu. Kwa adabu, lakini wanagombana.

Ugomvi mkubwa ulikuwa huu: lugha yao ifanye kazi kwenye mifumo endeshi ipi, yaani zile programu mama zinazoendesha kompyuta? Kuna mifumo mipya ambayo kila mtu anayo kwenye kompyuta yake. Na kuna ya kale, iliyotelekezwa hata na walioitengeneza. Kila mfumo mnaokubali kuubeba ni mzigo. Lazima mtu aujaribu, arekebishe kinachovunjika.

Kwa hiyo walijiwekea desturi. Kabla ya toleo jipya la lugha kutoka, Katibu wao anaita mifumo mmoja mmoja, kama mwalimu anavyoita majina darasani. Anayeulea anaitikia, "Nipo." Usipoitikiwa, mfumo unafutwa.

Kaka alilea mfumo mkongwe kuliko yote. Ndiyo maana walimwita Babu, na kichwani hakuwa na mvi hata moja.

Mpinzani wake alikuwa jamaa mmoja ambaye kaka mwenyewe alimbandika jina la Fagio, na kundi zima likalishika. Huyo akiona kitu cha zamani, mkono unamwasha.

"Babu, huo mfumo wako una watumiaji wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Mtu mmoja atubebeshe wote mzigo?"

"Hata wewe kwenu ni mmoja, na wanakulisha."

Kaka alikuwa akijibu hivyo anacheka peke yake. Tulikuwa na chumba kimoja cha kazi. Yeye meza ya dirishani, mimi upande wa ukutani na mashine yangu ya kudarizi. Nadarizi nembo za sweta za shule na majina kwenye ovaroli za mafundi.

"Kaka, si umwambie huyo mtu wako anunue kompyuta mpya, upumzike?"

"Huyo? Ana kiburi. Ukimgusia habari ya kubadilisha kitu, anakununia wiki nzima."

"Basi mwache aumie."

"Siwezi. Anapajua kwetu."

Tukacheka wote.

Wageni wa msiba walipopungua, niliandika kwenye kundi lao: "Mimi ni dada yake. Hajasusa. Tumemzika."



Halafu pole zikaanza kumiminika. Yule wa disketi aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Nikamwambia kaka angeupenda ule utani, na angemjibu vibaya zaidi.

Wengi wakasema mfumo wa Babu usifutwe kamwe, ubaki kwa heshima yake.

Fagio akapinga.

"Tukiuacha bila mlezi utaoza, na jina lake litakuwa juu ya kitu kilichooza. Rambirambi hazifanyi majaribio."

Wakamrukia. "Wewe huna moyo!"

"Moyo ninao. Ninachokosa ni mtu wa kuitikia."

Kisha akaniandikia mimi. "Dada, pole sana. Kabla hatujafuta, tungependa kumpa taarifa yule mtumiaji mmoja. Babu hakututajia jina. Alisema tu ana mashine ya kudarizi ya zamani, inayosikilizana na kompyuta moja tu, na ameapa haiuzi. Unamfahamu?"

Niliinua macho.

Mashine ilikuwa mbele yangu. Kando yake ile kompyuta ya kijivu ambayo mimi niliiita kompyuta ya nyuzi, basi. Sikuwahi kuuliza ndani yake kuna mfumo gani.

Kaka ndiye aliyeniandikia programu ya kugeuza picha ya mteja kuwa mishono. Wateja nao kila mara wanaleta picha za aina mpya, kompyuta inazikataa. Kaka anasema, "Niachie." Baada ya muda inazikubali. Kumbe ili izikubali ilihitaji toleo jipya la ile lugha. Na toleo jipya lisingeitambua kompyuta yangu kama kaka asingegombana na dunia nzima kwanza.

Nikaandika: "Namfahamu. Ni mimi."

"Ndiye wewe mwenye kiburi?"

"Alisema hivyo?"

"Alisema mengi. Alisema pia hakuna anayedarizi kukushinda, ila tusikwambie."

Niliiweka simu chini nikamlilia kaka. Nilipoichukua tena, nikawaambia mlezi nitakuwa mimi.

"Unajua kuandika programu?" akauliza Fagio.

"Sijui. Nimeishia sekondari. Najua kuiwasha hii kompyuta, kujaribu, na kusema imekwama wapi."

"Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine nitafanya mimi, huku nikilalamika."

"Fagio, wewe?" Katibu akashangaa.

"Nimesema nitalalamika."

Ndugu msomaji, ukimwona mtu wako anabishana na walimwengu kwa jambo usilolielewa, usikimbilie kumcheka. Muulize kwanza anamtetea nani. Muulize akiwa bado yupo wa kujibu.

Toleo jipya tunalijaribu tena Jumatatu. Mpaka sasa linakwama kwenye picha zenye rangi nyekundu, na Fagio anasema kosa ni la nyuzi zangu.